Mama Wanne wa Kyimo

“Ukungu, hapa Mlima. Mama wanne wametoka nyumbani. Rudia, mama wanne wametoka nyumbani.”

Tusekile alikanyaga mafuta kabla redio haijamaliza kukoroma. Prado ilirusha tope la Kiwira nyuma yake, na mwendesha bodaboda mmoja akamtukana mpaka ukoo wake.

“Mlima, hapa Ukungu. Na chupa?”

“Chupa mbili nazo zimetoka.”

“Nani amebaki?”

“Dokta. Amefungwa kamba stoo. Mwahi.”

Redio ikanyamaza.

Tusekile, Ukungu wa redioni, alikuwa jasusi wa Idara ya Usalama kwa miaka mingi chini ya mkuu wake, Mlima. Alishafukuza wauza pembe, waghushi pasipoti na balozi mmoja aliyekuwa na tabia mbaya. Hakuwahi kuogopa akiwa kwenye usukani. Siku hiyo hakujificha ukweli. Aliogopa.

Chupa zile mbili zilikuwa uhai wa mdogo wake.

Kituo cha Kyimo kilikuwa kidogo, nyuma ya mashamba ya viazi, na wanakijiji walidhani humo wanafuga panya wa serikali. Hawakukosea sana. Humo walifugwa oposamu, wanyama walioletwa kutoka Amerika. Oposamu ana ukubwa wa panya na mkia mtupu kama wa panya, lakini ni ndugu wa kangaruu. Watoto wake huzaliwa hawajaiva. Kila mmoja ni kama punje ya mchele, kipofu, hana unyoya, na jeni zake za kinga bado zimelala usingizi. Kijidudu chochote kikimgusa amekwisha. Kangaruu ana mfuko wa kumfichia mtoto. Oposamu huyu hana hata mfuko, mtoto hung'ang'ania chuchu hivyohivyo, upepo unampiga.

Basi Mungu akamwekea mama dawa ndani ya maziwa.

Wataalamu wa Kyimo waligundua ukoo mmoja ambao jeni ya dawa hiyo ilijirudia mara mbili. Mama wanne tu ndio walioibeba. Maziwa yao yaliua vijidudu ambavyo dawa zote za duka la dawa zilikuwa zimeshindwa kuviua. Matone yalikusanywa kwa miezi, yakachujwa, yakawa chupa tano.

Halafu Amoni, mtunza wanyama, mdogo wake Tusekile, akajikata kidole kwa kioo cha maabara chenye vijidudu vyenyewe.

Chupa tatu zilikwisha kuingia mwilini mwake. Ya nne alitakiwa aipate siku hiyo mchana, ya tano kabla jua halijazama. Dakta Hellen, yule Mhaya wa hospitali ya Tukuyu asiyejua kuzungusha maneno, alishamwambia dada mtu wazi.

“Akikosa moja, vinaamka. Vikiamka, mimi nitabaki kumshika mkono tu.”

*

Dokta Belinda, mtafiti wa kituo, alikuwa amekaa sakafuni mlangoni pa stoo, kamba miguuni, nywele zimetimka. Nyuma yake vizimba vilikuwa kimya. Wezi walichukua mama wanne na kuwapulizia sumu wengine wote, zaidi ya themanini, ili ukoo ule usibaki popote duniani ila mikononi mwao. Chumba kilinuka kama dawa ya mbu.

Tusekile alikata kamba kwa kisu chake.

“Walikuwa wangapi?”

“Wazungu wawili. Land Cruiser nyeusi. Nimewasikia wakitaja Kasumulu.”

“Wanavuka mpaka.”

“Twende wote, dada. Mimi ndiye ninayewajua wale mama kwa sura.”

Ilikuwa hoja. Idara ilikuwa imempa Tusekile kifaa cha kisasa cha kusoma alama zilizopandikizwa chini ya ngozi ya wanyama wale, ila kifaa chenyewe hulia ukishamshika mnyama mkononi. Watu wa ofisini walikisifu sana.

Waliteremka kwa kasi kuelekea kusini. Wakaipita Tukuyu bila kusimama, hospitali upande mmoja, na Tusekile hakugeuza shingo kuitazama. Mvua ikaanza. Mashamba ya chai yalipotea ndani ya ukungu. Kila gari jeusi lililotokea mbele lilimpandisha roho, na kila moja lilikuwa la mtu mwingine.

“Wewe mwenyeji wa huku?” Belinda aliuliza.

“Nimezaliwa Masoko. Wewe?”

“Mimi mtu wa Dar, dada. Nimeletwa na kazi tu. Huku sijui mtu wala barabara, na Kinyakyusa hata salamu sijui.”

“Utajifunza.”

Walikuwa wamefika Ushirika. Pale inapochepuka njia ya Masukulu alisimama mzee mmoja na gambuti zake, mwavuli mkononi, mkungu wa ndizi umelala miguuni pake. Alikuwa akisubiri usafiri.

Belinda akatoweka.

Sekunde hiyo alikuwa kitini, sekunde iliyofuata alikuwa chini ya dashibodi, amejikunja, koti la maabara limefunika kichwa chote.

Mkono wa Tusekile ukaruka kwenye bastola. Alidhani ni shambulio. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, hakuona bunduki wala gari. Alimwona yule mzee tu. Naye mzee alikuwa amegeuka. Aliipa barabara mgongo, akaikazia macho migomba kana kwamba hajawahi kuona mgomba, na hakugeuka tena mpaka Prado ilipompita.

Belinda akainuka, akitengeneza nywele.

“Simu iliniponyoka.”

Simu yenyewe ilikuwa juu ya dashibodi, inawaka.

Tusekile aliitazama, akarudisha macho barabarani.

Alipokuwa mtoto Masoko, alimwona mama yake mara ngapi akiruka kutoka njiani na ndoo ya maji kichwani, akatumbukia kwenye shamba la kahawa, akajifunika kitenge, kwa sababu tu babu alikuwa anakuja? Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, halitamki jina lake, hapiti mbele yake. Na mkwe mwenye adabu naye hugeuka. Wanyakyusa huiita ukutila. Siku hizi wengi wameiacha, wanakaa na wakwe zao sebuleni wanatazama mpira. Lakini kuna nyumba ambazo bado, na aliyeingizwa katika nyumba hizo mwili wake haumwombi ruhusa. Unaruka wenyewe.

Mtu wa Dar asiyejua hata salamu.

Tusekile alipunguza mwendo nyuma ya lori la ndizi.

“Dokta,” alisema kwa upole, “yule mzee ni baba mkwe wako?”

Belinda alimtazama. Uso wake ulipauka. Kisha akafungua mlango, akaruka gari likiwa bado linatembea, akabingirika majanini, akainuka na kukimbia. Bodaboda ilikuwa mbele tu. Akaipanda.

Redio ikapiga kelele.

“Ukungu, mko wapi?”

“Mlima, Dokta ndiye mwizi. Land Cruiser hakuna, haijawahi kuwapo. Amekimbia na pikipiki.”

“Mfuate!”

“Hapana.”

“Umesema nini?”

“Mfukuza pikipiki migombani hurudi na matope tu. Mimi namrudia mzee.”

Akageuza gari katikati ya barabara.

*

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Ndaga fijo kwa kusimama. Naenda Tukuyu na ndizi zangu hizi.”

Tusekile aliteremka mvuani, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani. Haraka ilikuwa inamtafuna, lakini mzee wa Kinyakyusa haharakishwi. Ukimharakisha anakaa.

“Baba, ndani ya gari langu alikuwemo nani?”

“Ndani ya gari sikuona mtu.”

“Najua hukuona. Uligeuka.”

Mzee akamtazama vizuri sasa, kuanzia viatu mpaka kichwani. Akacheka kidogo kwa pua.

“Wewe umelelewa na watu.”

“Nimelelewa Masoko.”

“Basi umeshajua. Ni mke wa Sunday, mtoto wangu. Walioana kule kule Dar, wakaja kubarikiwa hapa. Mimi naitwa Anyosisye.”

“Anaishi wapi akija kwenu?”

“Kwake. Sunday alimjengea nyumba nyuma ya migomba yangu, pale Masukulu, kabla hajaenda Afrika Kusini. Ni nyumba nzuri, wanasema. Mimi hata rangi ya mlango wake siijui.”

Tusekile akaelewa. Angetafuta ghala lenye walinzi, angetafuta pango. Kumbe mwizi alikuwa na ngome isiyo na mlinzi hata mmoja. Nani kwenye ule mji angeingia nyumba ya mkamwana wakati mwenye mji mwenyewe haruhusiwi kuisogelea?

“Kuna gari lilikuja huko?”

“Leo alfajiri. Nililisikia. Na kuna friji linanguruma humo miezi sasa, linatumia umeme wa jua. Lakini mgeni wa mkamwana si wa kuuliza.”

“Baba, ingia garini. Ndizi weka kiti cha nyuma, Tukuyu itangoja.”

Njiani alimweleza yote. Hakumficha hata la Amoni, na alipofika kwenye jina hilo akapangusa kioo ambacho hakikuwa na ukungu. Mzee Anyosisye alisikiliza akiwa ameshikilia mwavuli wake magotini.

“Ni wa tumbo moja na wewe?”

“Ndiye pekee niliyebaki naye.”

“Ee Kyala, Mungu wangu,” mzee alisema.

*

Aliegesha gari mbali na kumwacha mzee kwenye ua wake.

“Usitoke hapa, baba. Kuna silaha.”

Akaingia migombani. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati jekundu, sola juu. Pikipiki ilikuwa imelala mbele ya mlango, injini bado inatoa moshi, na dereva wake alishakimbia. Nyuma kulikuwa na Noah nyeupe, buti wazi. Walikuwa wanapakia.

Tusekile alichomoa bastola yake ya CZ, akazunguka nyuma, akasukuma mlango wa jikoni kwa bega.

Sebule ilikuwa nyembamba. Kizimba kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa kanga, na chini ya kanga kitu kilikuwa kikikwaruza. Belinda alisimama nyuma ya meza.

“Mikono juu.”

Belinda akainua mikono. Lakini macho yake yalitazama pembeni, na Tusekile alichelewa kuyaelewa.

“Wewe ndiye utainua,” sauti ilisema.

Mzungu alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, mrefu, ndevu zimenyolewa vizuri. Aliitwa Kolbe. Alikuwa mtumishi wa kampuni ya dawa ya ng'ambo, na Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. Mkono wa kulia alishika bastola ya Glock. Mkono wa kushoto alishika chupa mbili ndogo za kioo, kwa ncha za vidole.

“Weka bastola chini, dada, au hizi zinaanguka. Mdogo wako anaitwa Amoni, sivyo?”

Belinda akatazama sakafu.

Tusekile aliiweka bastola chini.

Kuna mambo jasusi hufundishwa kufa nayo. Hafundishwi namna ya kusimama mbele ya chupa mbili. Amri ilikuwa mama wanne kwanza, daima. Aliijua vizuri, na aliivunja bila hata kufikiri.

“Chukua wanyama,” alisema. “Chukua jeni, uende nazo unakotaka. Sitakufuata. Niachie hizo chupa.”

“Unaniomba?”

“Nakuomba.”

Na kweli aliomba. Alipiga magoti kwenye saruji, mwanamke aliyewahi kupigwa risasi ya bega asilie, akamwomba mwizi kama anavyoomba mtu mwenye mgonjwa. Aibu hakuiona. Aliona tu saa inakwenda.

Kolbe aliachia chupa moja. Ikapasuka. Akaisaga kwa kisigino.

“Hiyo ni kwa kunifuata,” alisema. “Sasa nyoosha mikono yako sakafuni.”

“Kolbe, tulikubaliana haitakuwa hivi!” Belinda alilia.

“Beba kizimba, Belinda. Simama hapa nyuma yangu.”

Belinda alikibeba, akapita nyuma ya Kolbe. Kolbe akanyoosha bastola kwenye kichwa cha Tusekile.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Haukupigwa teke. Ulifunguliwa taratibu, na gambuti moja iliyojaa tope ikavuka kizingiti, kisha ya pili. Mzee Anyosisye alisimama ndani ya nyumba ya mke wa mtoto wake, mwavuli mkononi, macho mbele.

“Hodi,” alisema.

Belinda alipiga ukelele.

Haukuwa ukelele wa kuogopa bastola wala polisi. Aliachia kizimba kikaangukia kochi, akavuta koti juu ya kichwa, akajitupa chini kwa uzito wake wote. Na kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba, na Kolbe alikuwa mbele yake, bega lake liliyapiga magoti ya Kolbe kwa nyuma.

Kolbe akakunjika. Risasi ikatoboa bati.

Chupa ikaruka.

Tusekile aliona vitu viwili kwa mpigo mmoja, bastola yake sakafuni upande wa kulia na chupa hewani upande wa kushoto. Akajitupa kushoto. Chupa ilitua kiganjani mwake, akaifumbata kifuani, akaanguka nayo mgongoni huku akingoja risasi.

Haikuja.

Mzee Anyosisye alikuwa ameukanyaga mkono wa Kolbe kwa gambuti.

“Tulia, mgeni,” alisema. “Kwetu mgeni anatulia.”

Tusekile aliinuka, akaipiga teke Glock ikaenda chini ya meza, akamfunga Kolbe pingu kwenye bomba la jikoni. Akafunua kanga. Mama wanne walikuwa hai, macho meusi yanang'aa, na mmoja wao alikuwa na watoto wamening'inia tumboni kama mchele uliomwagika. Kifaa cha Idara kililia mara nne, kwa fahari kubwa.

Alipogeuka mzee hakuwemo tena. Alikuwa nje, kwenye mvua, ameipa nyumba mgongo.

*

“Dakta Hellen? Tusekile hapa. Ninayo moja.”

“Moja? Nilisema mbili.”

“Nyingine imevunjika. Moja itamfikisha wapi?”

Dakta Hellen alihesabu saa kwa sauti ndogo.

“Itamfikisha jioni. Lete hiyo haraka. Ya jioni… sijui, mama. Sijui.”

Tusekile alimtazama Belinda. Alikuwa bado sakafuni, koti kichwani, pingu mikononi.

“Friji linalonguruma lina nini?”

“Maziwa,” sauti ilijibu chini ya koti. “Nimekuwa nikiyaiba kidogokidogo, nikiyagandisha.”

“Yanatosha chupa moja?”

“Yanatosha.”

“Nani anajua kuyachuja?”

“Mimi peke yangu.”

“Basi twende Kyimo.”

“Kwa nini?” Belinda alifunua uso. Ulikuwa umelowa. “Nitafungwa, nikitengeneza na nisipotengeneza. Waliniahidi kituo changu, dada. Jina langu kwenye dawa. Hapa hata kiti cha kukalia tulikuwa tunagombea. Sasa sina lolote. Kwa nini nikufanyie kazi?”

Tusekile alikunja ngumi. Angeweza kumpiga. Mkono uliwasha kweli. Lakini huwezi kumpiga mtu mpaka achuje vizuri.

Ndipo sauti ya mzee ikatoka nje. Hakugeuka. Aliongea na migomba.

“Mwanangu wa Masoko, upo?”

“Nipo, baba.”

“Mwambie mke wa Sunday hivi. Baba yangu aliishi mpaka meno yakaisha, hakuwahi kuvuka mlango wa mkamwana. Leo mimi nimevuka. Nimemkosea heshima mbele ya wageni, na Sunday nitamwambia mwenyewe kwa simu. Sikuvuka kwa ajili ya wale panya wenu. Nilivuka kwa sababu kuna kijana anakufa. Mwambie asinifanye niwe nimevuka bure.”

Kutoka alikosimama mzee mpaka alipokaa Belinda hapakuwa na hatua kumi. Alisikia kila neno. Hata hivyo Tusekile alimgeukia, akamfikishia maneno yote, moja baada ya jingine, kama inavyotakiwa.

Belinda alilia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

“Mwambie baba,” alisema mwishowe, “mwambie nitatengeneza. Mwambie mimi ndiye niliyemkosea.”

“Baba, anasema atatengeneza. Anasema yeye ndiye aliyekukosea.”

“Nimepokea,” mzee alisema. “Mwende.”

*

“Ukungu, hapa Mlima. Tumempokea mzungu. Helikopta iko uwanjani Tukuyu. Mlete Dokta na mama wanne sasa hivi.”

“Mlima, mama wanne wako salama. Dokta atachelewa.”

“Hiyo ni amri, Ukungu.”

“Nimeisikia.”

Akazima redio.

Chupa ya nne ilikuwa imeshaingia mshipani mwa Amoni. Tusekile aliikabidhi mlangoni, akamwona mdogo wake kwa mbali, amekonda, midomo imepasuka, akaondoka haraka. Sasa alisimama kwenye maabara ya Kyimo, kati ya vizimba vitupu, akitazama mikono ya mtu mwingine.

Mikono ilikuwa haina pingu. Mtu hawezi kuchuja maziwa kwa pingu. Tusekile alikuwa amezifungua mwenyewe na kuziweka mezani, karibu na bastola, na mlango ulikuwa wazi.

Belinda hakuutazama mlango hata mara moja.

Aliyeyusha maziwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Akayazungusha kwenye mashine mpaka mafuta yakapanda juu. Akachuja, akatia chumvi zake, akachuja tena. Mara ya kwanza maji yalitoka yamechafuka kama togwa.

“Yameharibika?”

“Usiniongeleshe.”

Akaanza upya na yale yaliyobaki. Hapakuwa na mara ya tatu. Nje mvua ilikuwa imekatika na mwanga ulianza kuwa wa manjano kwenye viazi. Tusekile alisali kimoyomoyo, sala za Sunday school za utotoni, zote zimechanganyikana. Simu ikaita. Alikuwa Dakta Hellen.

“Joto linapanda. Mko wapi?”

“Tunakuja.”

“Msiseme mnakuja. Njooni.”

Belinda aliinua kichupa kwenye dirisha. Kilikuwa na kimiminika kisafi, kidogo, hakijazi hata kifuniko cha soda. Akakiziba, akakiweka kwenye boksi la kubebea chanjo, akalisukuma mezani.

Kisha akachukua pingu na kujifunga mwenyewe.

*

Jua lilikuwa juu ya mgongo wa milima ya magharibi wakati Dakta Hellen alipovuta dawa kwenye bomba la sindano. Hakuongea. Aliisukuma taratibu, akatupa bomba, akavuta kiti.

“Sasa tunakaa,” alisema.

Walikaa. Jua likazama. Tusekile alishika mkono wa mdogo wake, ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Aliona anaupoteza. Alijiona akibeba jeneza kwenda Masoko, peke yake, hana hata wa kushika naye upande wa pili, na alilia bila kujizuia, mbele ya daktari na muuguzi.

Halafu mkono ukalowa.

“Anatoka jasho,” Dakta Hellen alisema. Akapima joto. Akapima tena, maana hakuamini. “Limeshuka. Mama, limeshuka.”

Amoni alifungua macho. Ilimchukua muda kumtambua dada yake.

“Wale mama,” alinong'ona. “Wamekula?”

“Wamekula. Wote wanne.”

“Na yule mwenye watoto?”

“Anao.”

“Usimpe funza wengi,” Amoni alisema, akalala.

Tusekile alikaa kidogo zaidi. Kisha akanawa uso, akavaa jaketi, akatoka nje. Kwenye benchi la kibarazani Belinda alikuwa ameketi kati ya askari wawili, pingu mapajani. Aliinua uso kuuliza. Tusekile akaitikia kwa kichwa, na Belinda akafumba macho.

Simu ikaita. Mlima mwenyewe, bila majina ya siri, bila adabu.

“Tusekile! Helikopta imekaa hapa mchana kutwa. Mtuhumiwa wa kimataifa anazunguka wilaya nzima bila pingu, ameachwa na mlango wazi! Nani alitoa kibali?”

Tusekile alishuka ngazi za hospitali. Hewa ilinuka chai mbichi na majani yaliyolowa. Alifungua mlango wa Prado, na kwenye kiti cha nyuma akaukuta mkungu wa ndizi ambao hakuna aliyekumbuka kuuteremsha. Itabidi apitie Masukulu.

“Baba mkwe wake,” alisema, akakata simu, akawasha gari.